Thought-provoking: maana yake na matumizi yake

Kivumishi hiki cha Kiingereza huelezea kitu kinachomwachia mtu la kuwaza. Kimeundwa kwa maneno mawili: thought, yaani wazo au fikra, na provoking, kutoka kitenzi provoke, chenye asili ya Kilatini provocare, kuita kitu kijitokeze.

Hapo kwenye provoke ndipo wengi hujikwaa. Kamusi itakupa "chokoza" au "chochea", na mtu akaandika "makala chochezi". Kwa Kiswahili hayo ni makala ya kuwasha fujo! Andika "makala fikirishi", "ya kufikirisha", au "yenye kuchochea fikra". Ukitaja fikra waziwazi, "kuchochea" hakuna ubaya. Kikibaki peke yake kinanuka ugomvi.

Tazama maswali mawili. "Mji mkuu wa Ufaransa ni upi?" Ukishajibu Paris, limekwisha. "Jahazi likibadilishwa mbao moja baada ya nyingine hadi zote ziwe mpya, je, ni jahazi lile lile?" Hili ukijibu ndiyo, unaanza kujiuliza zile mbao kuukuu zikiundiwa jahazi jingine litakuwa lipi. La pili ndilo a thought-provoking question. Kwa hiyo kitu kinaweza kupendeza sana, kikawa interesting, bila kufikia hapo. Provocative nayo ni kali zaidi: hulenga kuudhi, kushtua au hata kutamanisha.

Kistari huwekwa katikati, na kamusi nyingi hukibakiza hata neno likija baada ya nomino: The film was thought-provoking. Usiandike thoughts-provoking, hata mawazo yakiwa mia. Thought-provoked pia si mbadala wake. Ukilinganisha, tumia more; ukitaka kukoleza, deeply au highly. Katika matamshi, th ni ile ya "thamani", gh haisikiki, na mkazo wa provoking uko kwenye vo.

Kwa kawaida husifia kitabu, filamu, hotuba, swali, maonyesho. Mtu mwenye kutafakari, au anayewajali wenzake, ni thoughtful. Kilicho thought-provoking ni alichosema.

Wahakiki wamelichosha neno hili kidogo. Ukiliandika, ongeza kishazi kinachotaja wazo lenyewe: "filamu fikirishi kuhusu nani ana haki ya kusamehe" inamweleza msomaji jambo, ilhali "filamu fikirishi sana" haimwelezi kitu.