Hema Kando ya Maporomoko: Kagua Miti Kwanza

Baada ya kutwa nzima barabarani, watu wakifika kwenye maporomoko macho huwatangulia. Wanaona uwanja wa mchanga kando ya mto, tambarare, hauna jiwe hata moja, na mizigo inashushwa hapo hapo. Mimi kazi yangu ni kupima mito, kwa hiyo huanza na miti.

Tazama matawi yaliyo karibu na maji. Ukikuta nyasi kavu na vijiti vimenasa, vyote vimelalia upande mto unakoelekea, ujue mafuriko yalipita hapo, na kimo chake ndicho hicho. Mstari wa matope kwenye gome la mti ni ushahidi wa jambo lile lile. Hata ule mchanga laini uliletwa na mto. Tena mvua si lazima inyeshe ulipo wewe; ikimwagika milimani, kilomita nyingi huko juu, maji yanaweza kukukuta umelala na nyota zinawaka. Kwingine ungesikia mto ukibadili sauti, lakini ngurumo ya maporomoko hufunika yote. Tegemea macho: maji yakigeuka rangi ya udongo, au majani na vijiti vikianza kuelea, pandeni juu mara moja. Hema liacheni.

Mimi hukaa mita 60 au zaidi kutoka majini, na juu ya alama hizo za mafuriko. Huko manyunyu hayalowanishi hema, na wanyama wanabaki na njia yao ya kwenda kunywa usiku.

Kuhusu kuogelea, lile povu jeupe linalopendeza kwenye picha ndilo la kuogopa. Maji yaliyojaa viputo vya hewa ni mepesi, mtu haelei vizuri ndani yake, na mkondo unaoanguka humvuta arudi chini ya maporomoko. Ogelea mbali, pale maji yaliposimama na sakafu inaonekana.

Ziwani mambo ni mapole zaidi. Mchana upepo hutoka majini kwa kuwa nchi kavu hupata joto upesi. Usiku hugeuka, na moto uliowashwa upande wa nchi kavu utaanza kuwapulizia moshi hemani. Ukiona utando wa kijani juu ya maji, mfano wa rangi iliyomwagika, usiyachote. Kuchemsha huua vijidudu (dakika 1 ya kutokota, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000), lakini hakuondoi sumu inayoweza kuwemo kwenye utando huo. Tumieni maji mliyobeba.

Kabla ya kulala, geuza gari lielekee njia ya kutokea, na funguo ziwe mahali kila mmoja anapajua. Barabara ya udongo wa mfinyanzi iliyowapitisha ikiwa kavu huteleza vibaya ikilowa. Mawingu yakijikusanya na kuna kivuko cha mto mbele yenu, mimi ningelala upande huu wa kivuko, maporomoko nikayaone asubuhi.