Kupika bia lita nne kwenye jiko la fleti

Kwa anayepika bia ya nafaka tupu ndani ya fleti, nafasi haisumbui sana. Sufuria ya lita 10, mfuko wa kitambaa cha neti, kipimajoto na mtungi wa lita 5 vinaenea kwenye kabati moja. Kinachosumbua ni kwamba kosa lisiloonekana kwenye lita 20, kwenye lita 4 utalionja.

Chukua kilo 1 ya kimea cha shayiri kilichoparazwa. Kisiwe unga: maganda yabaki, punje ndizo zivunjike. Pasha lita 7 za maji hadi nyuzi 70 za Selsiasi. Ukishatia kimea kikiwa ndani ya mfuko, joto hushuka hadi 67 hivi. Hapo vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari. Joto likiwa 63, bia itatoka kavu na nyepesi mdomoni. Likikaa 70, hubaki sukari nyingi ambayo hamira haiwezi kuila, na bia huwa nzito.

Sufuria ndogo hupoa upesi, kwa hiyo ifunike na kuizungushia blanketi zito kwa dakika 60. Usiwashe moto mfuko ukiwa umelalia chini, utaungua. Muda ukiisha, dondosha maji kidogo ya kimea kwenye sahani nyeupe, yakipoa ongeza tone la iodini. Rangi ikibaki ya kahawia, wanga umekwisha. Ikigeuka bluu nyeusi, ongeza dakika 15. Maji uliyopimia yamwage.

Inua mfuko, ukamue bila hofu. Wapo wanaodai kukamua huleta ukakasi, lakini mimi naulaumu zaidi moto uliopita nyuzi 77. Machicha usiyatie kwenye sinki kama unalipenda bomba lako.

Chemsha dakika 60 bila mfuniko, dirisha likiwa wazi, maana mvuke ndio unaoondoa harufu ya mahindi ya kuchemsha. Dakika za mwanzo simama hapo hapo: povu hupanda ghafla kama la maziwa. Lita 1.5 hadi 2 zitapotea. Zikipotea zaidi, fidia kwa maji ya moto.

Hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, yenye asidi alfa (kiini cha uchungu huo) asilimia 10: gramu 5 inapoanza kuchemka, gramu 5 nyingine dakika 5 kabla ya kuzima. Hapa mizani ya kawaida ya jikoni hudanganya. Ikikosea gramu 2 kwenye zile 5 za mwanzo, uchungu unaotoka kwenye hizo umebadilika kwa asilimia 40. Tafuta mizani inayosoma 0.1.

Poza sufuria ndani ya sinki lenye barafu hadi nyuzi 20. Kuanzia hapo kila kinachogusa bia kiwe kimeuliwa vijidudu; ukitumia klorini, suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, la sivyo utakunywa ladha ya dawa. Hamira kavu ya bia gramu 3 zinatosha, kwani pakiti ya gramu 11 ni ya lita 20 hivi.

Ukimimina kwenye mtungi, usiujaze hadi shingoni, povu litaziba njia ya gesi. Hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe, hivyo mtungi ukae kwenye beseni la maji, bia ibaki nyuzi 18 hadi 20. Siku tatu za kwanza ndizo za kuchunga. Joto likipita hapo, bia hunukia ndizi mbivu na hata rangi ya kucha.

Kila ukipima kwa haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika kinachoonyesha sukari iliyobaki, unatoa kama mililita 100, kwa hiyo pima mara mbili tu: siku ya 12 na ya 15. Namba ikitulia, tuseme 1.011 mara zote mbili, tia kwenye chupa na sukari iliyoyeyushwa, gramu 6 kwa lita. Ikiwa bado inashuka, subiri, maana chupa za kioo hupasuka. Kwenye chupa 12 za mililita 330, moja iwe ya plastiki. Ibonyeze kila baada ya siku chache: ikikataa kubonyea, na za kioo zimeshapata gesi.