"Nina kibali bosi, nifungulie geti"

Wiki hii nimeambiwa tena. Jamaa kaja na tipa, juu kaweka maboksi na nailoni za kiwandani vizuriii, chini madumu ya oili chafu na mabaki ya rangi. Nikamwambia huu mzigo haushuki hapa. Akachomoa bahasha imejaa makaratasi ya mihuri, "nina kibali bosi". Miaka yote niliyokaa kwenye hizi kazi za mzani na geti la dampo hii sentensi ndo inanichosha kuliko harufu yenyewe.

Kibali gani? Maana watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna mkataba wa halmashauri wa kuzoa taka mtaani, huo ni wa taka ngumu za kawaida. Kuna cheti cha TAM (tathmini ya athari kwa mazingira) cha kiwanda chako, hicho kinahusu kiwanda, dampo halimo. Halafu kuna kibali cha taka hatarishi, maombi yanapitia NEMC (baraza la mazingira la taifa), na ukikisoma (watu hawasomi, wanaangalia mhuri) kimeandika taka za aina gani, nani anabeba, zinaenda wapi, na kinaisha lini. Kibali cha kubeba betri chakavu kwenda kwa mtu wa kurejeleza hakikupi ruhusa ya kuja kunimwagia oili mimi.

Na kitu ambacho hakuna anayekifikiria, dampo nalo lina cheti chake na masharti yake. La halmashauri kwa kawaida limeidhinishwa kupokea taka ngumu za kawaida, basi. Kwahiyo hata uje na bahasha nene kama Biblia, kama mzigo wako haumo kwenye masharti yangu nikakufungulia, mimi ndo nimevunja masharti, wewe unageuza tipa tupu unaenda kunywa supu.

Wala sio roho mbaya. Madampo ya kisasa kama Chidaya kule Dodoma au Muriet Arusha yana tandiko chini la kuzuia ule mchuzi mweusi wa taka usiingie ardhini, na mabwawa ya kuukusanya na kuutibu. Hayo mabwawa yamepigiwa hesabu za maganda ya ndizi na ugali uliolala, wanaofanya kazi mle ni vijidudu, ukiwapelekea thina na oili unawaua halafu mchuzi unatoka kama ulivyoingia. Na pale ambapo dampo ni shimo tu halina tandiko, hapo ndo kabisa, unaongea na visima vya watu moja kwa moja.

Huyu jamaa akanijibu "lakini nimechanganya na taka za kawaida, sumu imepungua". Hapana kaka! Umechukua dumu mbili za taka hatarishi umezifanya tipa zima. Angeziacha pembeni tangu kiwandani angelipia dumu mbili kwa mtu mwenye kibali chake, na tani zilizobaki ningezipokea bila maneno. Ndo maana kila siku nawaambia wateja wangu, nunua mapipa mawili, piga picha mzigo KABLA ya kupakia, nitumie. Hakuna anayetuma.

Visingizio vingine ninavyoambiwa getini, haraka haraka.

"Ni maji maji tu, yatakauka." Gari la kunyonya vyoo halimwagi dampo, lina mabwawa yake ya majitaka. Tope la kiwandani nalo likiwa linachuruzika halishuki. Wamarekani wana kipimo rahisi mpaka raha, unaweka sampo kwenye kichujio cha kuchujia rangi ya kupaka, unasubiri dakika 5, tone moja tu likipita huo ni mzigo wa majimaji, rudi nao.

"Taka za hospitali zikishachomwa ni majivu." Nimeona majivu yana sindano nzima nzima. Kichomea taka kisichofika joto kinaunguza sirinji tu, sindano inabaki inamsubiri mwokota chupa. Metali nazo haziungui, zinabaki humo humo.

"Dawa zilizoisha muda namwaga usiku." Dawa zinateketezwa chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sio mimi, sio mlinzi wa usiku hata kama mnajuana.

"Dampo la serikali halizuiliki." Muulize mzee yeyote wa Tabata. 1988 wananchi waliishtaki halmashauri ya jiji la Dar kwa dampo lililokuwa pale kwao wakashinda, jiji likahamia Kunduchi Mtongani, nako wakashtakiwa, 1991 mahakama ikawazuia.

"Dampo halijai, unasukuma tu na dozer." Hili nalo siku hizi silijibu kwa utani. Kiteezi pale Kampala ilianza 1996, ikapandishwa mlima juu ya mlima, tarehe 10 Agosti 2024 ukaporomoka kwenye nyumba za watu, zaidi ya 30 wakafa. Kwahiyo ukikuta nimefunga upande mmoja nakwambia leo kiwango kimeisha rudi kesho, usinipigie diwani.

Yule wa madumu? Aligeuza. Nimeandika namba ya gari na nikapiga simu mbele huko, maana nawajua, akitoka kwangu anatafuta korongo.