Desemba ya uhuru: yanayosemwa na yaliyotokea

Makosa mengi kuhusu Desemba ya Afrika Mashariki yana chanzo kimoja: uhuru na jamhuri huchukuliwa kuwa kitu kimoja.

Dhana: Tanzania ilipata uhuru 9 Desemba 1961.

Siku hiyo hapakuwa na nchi inayoitwa Tanzania. Iliyopata uhuru ni Tanganyika, tena haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, msimamizi akiwa Uingereza. Muungano ulikuja 26 Aprili 1964, na jina "Tanzania" likapitishwa Oktoba mwaka huohuo. Mabango ya sherehe huandika "Uhuru wa Tanzania Bara". Maana inafika, ila jina la nchi iliyopandisha bendera usiku ule limefutika.

Dhana: Nyerere aliapishwa kuwa Rais siku ya uhuru.

Alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth II, na Sir Richard Turnbull, gavana wa mwisho, akabaki Dar es Salaam kumwakilisha kama Gavana Mkuu. Kisha linakuja jambo ambalo wengi hulisahau: 22 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia, Nyerere akajiuzulu ili akaimarishe chama chake, TANU, na Rashidi Kawawa akashika uwaziri mkuu. Uchaguzi wa rais ukafanyika Novemba 1962, Nyerere akimshinda Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha ANC kwa kura nyingi mno. Kiapo cha urais ni 9 Desemba 1962. Siku na mwezi ni zilezile, mwaka ndio tofauti, na hapo ndipo watu huteleza. Anayehesabu miaka ya uhuru aanzie 1961. Anayehesabu ya jamhuri aanzie 1962. Uhuru ulipotimiza miaka 60 mwaka 2021, urais ulikuwa na 59.

Na mwenge wa uhuru uliopandishwa Kilimanjaro? Nyerere aliutaja katika hotuba ya 1959. Aliyeufikisha kileleni usiku wa uhuru ni Luteni Alexander Nyirenda.

Dhana: Kenyatta alikuwa Rais tangu 12 Desemba 1963.

Mtego ni uleule. Mzee alikuwa Waziri Mkuu tangu Madaraka, yaani kujitawala kwa ndani, 1 Juni 1963, na aliendelea hivyo baada ya uhuru, Gavana Mkuu akiwa Malcolm MacDonald. Urais ulianza 12 Desemba 1964. Sikukuu ya Jamhuri imebeba matukio yote mawili.

Dhana: Zanzibar ilijikomboa kutoka kwa Waingereza kwa Mapinduzi.

Zanzibar ilikuwa nchi lindwa ya Uingereza, na ulinzi huo ulikoma 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi na Mohammed Shamte Waziri Mkuu. Mapinduzi ya 12 Januari 1964, siku 33 baadaye, yaliiangusha serikali hiyo. Kinyongo kilikuwa kibichi: katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha upinzani cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Kwa kuwa Serikali ya Mapinduzi husherehekea Januari, tarehe 10 Desemba imebaki kwa wanahistoria na wazee.

Zanzibar na Kenya ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja, 16 Desemba 1963. Kiti cha Zanzibar kilidumu miezi minne na siku chache, hadi Muungano.