Tone la mafuta halifufui saa

Saa kuukuu ya kutia ufunguo ikisimama, mwenye nayo huwa na ombi lile lile: "Fundi, itie tone la mafuta tu, itaamka." Wengine wameshaitia wenyewe kabla ya kuileta, mafuta ya cherehani au yale ya kopo la kupuliza yanayotumika kwenye bawaba na nati zilizoshika kutu. Hakuna dhana inayoua saa za mtumba kama hii, na wanaoumia zaidi ni wale waliotaka kuokoa pesa.

Dhana hii haifi kwa sababu saa huamka kweli. Mafuta ya zamani ndani ya mashine hayakuisha. Yamekauka yakawa gundi, na ndani ya gundi hiyo mna vumbi na unga wa chuma uliosagika kwa miaka. Ukidondosha mafuta mapya, gundi inalainika na magurudumu yanapata nafasi ya kuzunguka. Saa inatembea siku mbili, pengine wiki. Wakati huo wote ule unga unaelea ndani ya mafuta na kuingia katika vishimo vya mawe, yaani vijiwe vigumu vinavyoshika ncha za magurudumu, na hapo unafanya kazi ya msasa. Ncha ya ekseli ya balansi, gurudumu linaloyumba huku na huku kupima mwendo wa saa, ina unene wa karibu milimita 0.1. Saa ya mapigo 18,000 kwa saa moja hupiga mara 432,000 kwa siku. Jiwe ni gumu, haliliki kirahisi. Kinacholiwa ni ncha ya chuma. Ikishaliwa, unahitaji ekseli mpya pamoja na fundi mwenye lathe (mashine ya kukereza), na gharama hiyo mara nyingi inazidi thamani ya saa nzima.

Wingi wa mafuta nao ni kosa la pili. Tone dogo hukaa katika kikombe cha jiwe kwa sababu linavutwa na nafasi nyembamba kati ya ncha na tundu. Tone kubwa linagusa bamba au bega la gurudumu, linavutwa huko, na kuliacha jiwe kavu. Ndiyo maana saa iliyorowa mafuta huonekana imesagika kama ambayo haikupata hata tone. Yale ya kupuliza ni mabaya kuliko yote, kwa kuwa yanatambaa mpaka kwenye unywele wa balansi, ile springi nyembamba iliyojiviringisha. Mizunguko ya unywele ikigandana, unywele unakuwa kama umefupishwa, na saa inakimbia dakika nyingi kwa siku.

Inachohitaji saa hiyo ni kuoshwa, na kuosha si ghali. Mashine ya mawimbi ya sauti unaweza kuishi bila hiyo. Unahitaji vichupa viwili vya kioo vyenye vifuniko, petroli nyepesi ya kujazia viberiti, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, brashi laini, vijiti vya meno vya mbao, kipulizio cha mpira na lenzi. Usibane pesa kwenye bisibisi na kibanio. Bisibisi tatu zenye ncha nzuri, za milimita 0.8, 1.2 na 1.6, zina faida kuliko seti ya kumi za chuma laini zinazoteleza na kuchana madaraja, vile vibao vya chuma vinavyoshika magurudumu.

Toa kwanza nguvu ya kamani, springi kuu inayoiendesha saa. Shika kifundo cha kutilia ufunguo kwa vidole, sogeza kizuio cha gurudumu la kamani kwa kijiti, kisha uache kifundo kirudi polepole kati ya vidole mpaka kiishiwe nguvu. Ukiusahau mwendo huu ukafungua uma ulioko kati ya balansi na magurudumu, magurudumu yote yatafyatuka na unaweza kuvunja ncha au meno. Baada ya hapo toa balansi pamoja na daraja lake, kisha uma, kisha madaraja na magurudumu. Piga picha kwa simu kila hatua. Skrubu yenye mistari mitatu kichwani ina nyuzi za kushoto: hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia, na wengi huikata kwa sababu hawakulijua hilo.

Loweka vipande katika petroli kwa dakika kama kumi, sugua kwa brashi, hamishia kwenye chupa ya pili yenye petroli safi, kisha suuza kwa alkoholi dakika moja na upulize. Uma na balansi visiguse alkoholi: vijiwe vyake vimeshikizwa kwa gundi iitwayo shelaki, na alkoholi huyeyusha shelaki. Hivyo viishie kwenye petroli. Chonga kijiti cha meno, kizungushe katika kila tundu la jiwe, ukate ncha na kurudia hadi kitoke kisafi. Hatua hii ndiyo watu huiruka, nami naiona kuwa nusu ya kazi. Fanya yote mbali na moto, madirisha wazi.

Kabla ya mafuta, jaribu. Rudisha magurudumu na kamani bila uma, tia ufunguo mibofyo miwili tu. Magurudumu yazunguke kwa wepesi na mwishoni yarudi nyuma kidogo. Yakisimama ghafla, bado kuna uchafu au ncha imepinda, na mafuta hayatasaidia kitu.

Sasa ndipo mafuta yanaingia. Mafuta mepesi ya saa, Moebius 9010, kwa magurudumu ya mwendo wa kasi na mawe ya balansi. Mafuta mazito, D5 au HP 1300, kwa gurudumu la kati na pipa la kamani. Chupa ya mililita 2 huhudumia saa nyingi mno. Sindano ya kushonea iliyobapwa ncha inatosha kuwa kijiko. Jaza kikombe cha jiwe kiasi cha nusu. Kwenye kijiwe cha uma weka nukta moja, pitisha meno matano ya gurudumu la eskepu (lile linalogusana na uma), weka nyingine, mpaka meno yote 15 yapate. Meno ya magurudumu mengine, ncha za uma na unywele havitiwi mafuta kamwe.

"Imejazwa ufunguo kupita kiasi" ni ndugu wa dhana ya tone la mafuta. Kamani iliyojaa ni hali ya kawaida kabisa. Saa iliyojaa isiyotembea ina uchafu, au kitu kimevunjika, kinachozuia nguvu kufika kwenye balansi. Unaweza kuvunja kamani kwa kulazimisha kifundo kilichogota, hilo ni kweli, lakini kamani iliyovunjika haiwi "imejaa". Utaizungusha bila mwisho.

Tukiwa kwenye kifundo: Seiko za otomatiki zenye mashine 7009, 6309 au 7S26 hazitiwi ufunguo kwa kifundo. Kuzunguka bure si ugonjwa. Itikise taratibu nusu dakika, kisha uivae.

"Mawe mengi, saa bora." Saa ya kutia ufunguo yenye mawe 17 imetimia. Ni rubi za kutengenezwa kiwandani, hazina thamani ya kito, na yaliyoongezwa mahali pasipo msuguano ni pambo tu.

"Inakimbia, kwa hiyo mashine imechoka." Weka saa juu ya dira. Sindano ikicheza, kuna uwezekano mkubwa saa imepata usumaku, na kifaa kidogo cha kuuondoa kinamaliza kazi kwa sekunde. Kwa saa kuukuu ya bei ndogo, kupotea nusu dakika kwa siku ni matokeo mazuri, usiifukuzie zaidi.

"Namba za saa hazing'ai tena gizani, basi radiamu imeisha." Hili ni la hatari, kwa kuwa radiamu ni madini yenye mionzi iliyotiwa kwenye rangi ya namba. Kilichochoka ni salfidi ya zinki iliyokuwa ikitoa mwanga. Radiamu-226 hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600, kwa hiyo ipo karibu yote. Saa za kabla ya miaka ya 1970 zisizo na alama ya T (ya tritiamu) kwenye ukingo wa chini wa uso, zenye rangi ya kahawia inayomeguka kwenye namba na akrabu, zichukulie kuwa nayo. Usikwangue, usipulize, usisugue uso huo. Futa meza kwa karatasi yenye unyevu, nawa mikono, na uache rangi ilivyo.