Saa ya mwili: nani huiendesha?

Saa ya mwili ni mzunguko wa takriban saa 24 ambao mwili huufuata wenyewe: usingizi, joto, njaa na homoni hupanda na kushuka kwa zamu. Neno zito hapo ni "wenyewe". Mfungie mtu chumbani pasipo jua, simu wala saa ya ukutani, bado atasinzia na kuamka kwa mpangilio, ingawa siku yake itazidi kidogo saa 24.

Mwendeshaji ni kundi la seli za ubongo kama 20,000 hivi, lililo dogo kuliko punje ya mchele. Limekaa katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, juu tu ya mahali neva za macho mawili zinapopishana. Wataalamu huliita nyukliasi suprakiazmatiki, jina refu kuliko kitu chenyewe.

Ushahidi ninaoupenda ni wa mwaka 1990. Kulikuwa na hamsta, wanyama wa jamii ya panya, waliozaliwa na hitilafu ya jeni iliyofanya siku yao iwe ya saa 20 hivi. Watafiti walichukua kipande hicho cha ubongo wao wakakipandikiza kwa hamsta wengine ambao chao kilikuwa kimeharibiwa, hata wakapoteza mpangilio wa kulala na kuamka. Mpangilio ukarudi, lakini wa saa 20. Aliyepandikizwa alifuata saa ya aliyetoa.

Ndani ya kila seli, jeni fulani hutengeneza protini. Protini hizo zikishajaa, hurudi kwenye kiini cha seli na kuzima jeni zilezile zilizozizaa. Zikivunjika, jeni zinawaka tena, na duru moja huchukua kama siku nzima. Kazi ya kufumbua utaratibu huo, iliyofanywa kwa inzi wa matunda, ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Seli zikitenganishwa, nyingine huwahi na nyingine huchelewa. Zikiwa pamoja hupelekeana ishara za kemikali mpaka zikubaliane.

Nuru ndiyo huzirekebisha. Kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, zimo seli zenye melanopsini (protini inayohisi mwanga), ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, na ndiyo maana baadhi ya vipofu bado saa yao hufuata jua. Nuru ya asubuhi huisogeza saa mbele, ya usiku huichelewesha (simu kitandani nayo imo). Giza likiingia, nyukliasi huiruhusu tezi ya pinea, iliyo ndani ya ubongo, kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umefika.

Ini, figo na moyo navyo vina saa zao, na kwa kawaida hufuata majira ya ubongo. Ila ini husikiliza sana chakula. Mlinzi anayekula ugali saa nane usiku, kisha akapigwa na jua la asubuhi akirudi nyumbani, huenda ini lake likashika majira mengine na ubongo mengine.