Mchangiaji wa programu huria ni nani, na huanzia wapi?

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, umewekwa wazi chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Leseni ndiyo msingi wa jambo lote, kwani msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni hubaki mali ya aliyeuandika, na kuuona hakumpi mtu ruhusa ya kuutumia. Mchangiaji si lazima awe mwajiriwa wala mwanzilishi wa mradi. Ni mtu aliyependekeza badiliko, likapitiwa na wasimamizi, likakubaliwa. Nasisitiza kukubaliwa, kwa sababu wengi wanaoanza hudhani kinachopimwa ni umahiri wao wa kuandika msimbo, ilhali msimamizi anajiuliza iwapo ataweza kulielewa badiliko hilo, kulijaribu, na kulitunza baada ya aliyelileta kwenda zake.

Ndiyo maana ni busara kuanza na programu unayoitumia mwenyewe. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, unahitaji wahandisi, lakini unahitaji pia watu wanaojua jinsi karani wa kliniki anavyomwandikisha mgonjwa foleni ikiwa ndefu. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma msimbo.

Tuchukue mfano wa kasoro ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu: fomu inayokataa jina la Ng'ang'a au Nyong'o kwa sababu aliyeitengeneza hakutarajia ritifaa ndani ya jina. Taarifa inayosema tu kwamba fomu haifanyi kazi haimsaidii mtu. Taarifa inayofaa hutaja toleo la programu, hueleza hatua moja baada ya nyingine (nimefungua fomu ya usajili, nimeandika Ng'ang'a kwenye sehemu ya jina la ukoo, nimebofya Hifadhi), kisha husema kilichotarajiwa na kilichotokea, pamoja na kunakili ujumbe wa kosa kama ulivyo. Taarifa kama hiyo tayari ni mchango kamili, hata kama aliyeiandika hajui lugha yoyote ya kompyuta.

Anayetaka kuirekebisha kasoro hiyo mwenyewe hutafuta kwanza kama imekwisha kuripotiwa na kama kuna mtu anayeishughulikia. Kisha husoma mwongozo wa wachangiaji, ambao katika miradi mingi ni faili liitwalo CONTRIBUTING, hunakili mradi kwenye kompyuta yake, na kufungua tawi la pembeni, yaani nakala ya kufanyia kazi isiyogusa msimbo mkuu, kwa kutumia Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ambacho Linus Torvalds alikitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huo. Pengine rekebisho lenyewe litakuwa mstari mmoja, ule unaoamua ni herufi zipi zinaruhusiwa katika jina, likifuatana na jaribio dogo linalothibitisha kwamba Ng'ang'a sasa linapita na kwamba majina yaliyokuwa yakipita hayajaharibika. Baada ya hapo hutuma ombi la kuunganisha badiliko lake, akieleza kwa nini linahitajika. Njia hii ndiyo ya kawaida kwenye GitHub na GitLab, tovuti zinazohifadhi miradi ya aina hii, lakini si ya wote: kiini cha Linux bado hupokea mabadiliko kwa barua pepe, na kila badiliko lazima liwe na mstari ambao mtumaji anathibitisha kwamba ana haki ya kulitoa.

Mapitio huchukua siku, pengine miezi, na kurudishiwa kazi ili uirekebishe ni jambo la kawaida. Kinachowaudhi wasimamizi ni kazi isiyo na haja. Mnamo Oktoba 2020, Hacktoberfest, kampeni iliyotoa fulana kwa waliotuma maombi manne ya kuunganisha mabadiliko kwenye miradi huria, ilifurika mabadiliko ya kijinga, kama vile kuongeza neno moja la sifa kwenye maelezo ya mradi, hadi waandaaji wakalazimika kuihesabu miradi iliyojiandikisha kwa hiari yake tu.

Kwa msemaji wa Kiswahili, tafsiri ni mlango mwingine, na si mpya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ugumu wake ni kuwa na msimamo, kwani kitufe kilichoitwa Hifadhi kwenye dirisha moja hakipaswi kuitwa Tunza kwenye jingine, na kwa hiyo mtafsiri mpya husoma kwanza faharasa ya mradi, yaani orodha ya maneno yaliyokwisha kuchaguliwa, kama ipo.

Jambo moja hushughulikiwa kabla ya kutuma chochote. Git huandika jina na anwani ya barua pepe katika kila badiliko, na likishaunganishwa, taarifa hizo hubaki katika historia ya mradi mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma. GitHub hutoa anwani mbadala kwa asiyetaka yake ionekane. Anwani hiyo mbadala iwekwe mapema, kwa kuwa kuifuta ile halisi baadaye ni kazi ambayo wasimamizi wachache watakubali kuifanya.